Mbunge Aliyenyamazishwa na Ndizi

Mbunge wetu mimi nilimnyamazisha kwa kipande cha boksi la sabuni. Sikumpiga nalo, jamani, nilipepea moto tu. Na kwa kaupepo hako kadogo, magunia manne ya kahawa ya jirani yangu yakakamatwa, Mheshimiwa akabandikwa jina baya, na mimi nikabaki na siri tumboni miaka mingi kama mtu aliyemeza kokwa la parachichi. Halishuki, halipandi. Nitawaambia yote. Ila kwanza mumjue mtu mwenyewe, maana ukisikia kosa langu bila kumjua yeye utasema ah, ndizi tu hizo.

Kwanza alikuwa mrefu. Akisimama pale sokoni kwetu, chini kidogo ya Nkoaranga, mlima Meru wenyewe ulikuwa unachungulia juu ya bega lake kuangalia nani kauzibia. Koti lake lilikuwa moja tu, la kahawia, na lile koti lilikuwa na mifuko miwili ya kazi. Wa kushoto aliweka barua zetu: daraja limebomoka, zahanati haina dawa, mfereji umezibwa na fulani wa juu. Wa kulia aliweka majibu ya mawaziri. Sasa wewe ungeona! Wa kushoto umevimba kama shavu la mtoto mwenye jino bovu, wa kulia umelala kama soksi iliyovuliwa. Hakuna haja ya kujua kusoma. Ukimwona tu anashuka kwenye gari, unatazama mifuko, unajua bunge limekwendaje.

Na gari lenyewe sasa! Landrova. Lilikuwa la kijani zamani, baadaye likawa na rangi ya barabara. Likiwaka Usa, ng'ombe wa Monduli wanaitikia. Lakini kuwaka penyewe ndiyo ilikuwa kazi, kwa hiyo kila mara tulilisukuma. Mheshimiwa anakaa kwenye usukani, anatoa kichwa dirishani, anapiga kelele, "Sukumeni ndugu zangu! Serikali ni hivi hivi, isiposukumwa haiendi!" Nasi tunasukuma huku tunacheka, na mteremko ukiisha gari linazima tena.

Desturi yake ilikuwa hii. Kila bunge likimalizika kule Dodoma, hakwenda kwanza nyumbani. Alikuja sokoni na vumbi lake la Dodoma kwenye kola, vumbi ambalo ukilikung'uta vizuri unapanda mtama. Anapanda juu ya kreti la soda, anasema, "Aliyetumwa sokoni harudi na kikapu peke yake, anarudi na habari. Nianze na nililoshindwa."

Kila siku alianza hapo hapo. Wabunge wengine tuliwasikia wakianza na waliyofanikisha, na ukitoka kuwasikiliza unajiona kama una lami mpaka chumbani. Huyu wetu alikuwa anaanza na kushindwa. "Niliuliza habari ya daraja. Waziri kajibu kwamba suala liko mbioni. Ndugu zangu, mimi suala hilo nimelitazama vizuri. Halina miguu."

Watu hoi.

Siku nyingine akatuambia, "Jumatano mchana nililala bungeni."

Bibi mmoja muuza magadi akamuuliza palepale, "Ulikuwa umekula nini?"

"Wali na kuku, mama."

"Kuku mzima?"

"Nusu."

"Basi ulilala kihalali. Mimi kuku wa Krismasi hunilaza mpaka Jumatatu. Haya, tuambie ulipoamka."

Na jinsi alivyopiga kura alitueleza pia. Alisema, hapa nilisema ndiyo, hapa nilisema siyo, na hapa nilisema ndiyo kwa sababu jirani yangu alisema ndiyo, nikaona aibu. Sasa niambie, mtu mzima, tena Mheshimiwa, anakwambia aliona aibu! Sisi waume wa huku hata homa hatukubali kwamba tunayo.

Mimi nilikuwa nachoma ndizi palepale sokoni, jirani na mchinjaji. Shule niliiona kwa dirishani, na dirisha lenyewe lilikuwa limefungwa. Lakini moto naujua. Moto nimeusoma mpaka chuo kikuu. Ndizi mshale nikiiweka kwenye makaa, mimi hata nikiwa nimefumba macho nakwambia imefika wapi, kwa kusikia tu inavyolia.

Ndivyo nilivyopata cheo. Mara ya kwanza kabisa kuja kutupa habari, Mheshimiwa alianza jua likiwa utosini, na alipofika kwenye bajeti ya wizara ya pili jua lilikuwa limeshakwenda kulala kwao Babati. Ng'ombe hawajakamuliwa. Watoto wanalia. Wenye mimba waliokuja sokoni asubuhi walikaribia kujifungua. Hakuna aliyethubutu kumkatisha mkubwa. Mpaka akasimama Mama Anaeli.

Huyu Mama Anaeli ndiye jirani yangu niliyewatajia, mwenye magunia. Marehemu mume wake tuliitana ndugu, kwa hiyo ananiita shemeji mpaka leo. Mama mfupi, mwembamba, lakini ana sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya bonde bila kumwamsha aliyelala njiani. Akasema:

"Mheshimiwa baba, tumefurahi sana. Lakini tukifurahi zaidi ya hapa ng'ombe watatufuata. Mimi naomba hivi. Yule shemeji yangu pale anachoma ndizi. Siku nyingine zikiwekwa motoni, wewe anza. Zikiiva, wewe nyamaza, sisi tule, tuulize maswali."

Watu wakasubiri akasirike. Mheshimiwa akakuna kidevu, akauliza, "Ndizi ngapi?"

"Sita."

"Na nani atakayesema zimeiva?"

Vidole vyote vikanigeukia mimi, mpaka vya mchinjaji vyenye damu.

"Basi wewe," akaniambia kutoka juu ya kreti, "kuanzia leo ndiye Spika. Ukisema zimeiva, hata kama nina neno nusu mdomoni nalimeza."

Na kweli alilimeza. Miaka yote. Nikisema, "Mheshimiwa, zimeiva!" anafunga mdomo papo hapo, hata katikati ya jina la wizara, anashuka kwenye kreti, anakuja kula ndizi ya kwanza yeye mwenyewe na chumvi kidogo. Mimi, ambaye nyumbani hata kuku hawanisikii, nilikuwa namnyamazisha mbunge wa Jamhuri! Na kina mama wakaujua ule moto kuliko mimi. Hotuba ikiwa tamu, mmoja ananong'ona nyuma yangu, "Spika, vuta makaa pembeni, huyu leo ana maneno." Ikiwa ya bajeti bajeti, mwingine anasema, "Spika, we unasinzia? Pepea!" Ndiyo ilikuwa kura yetu. Mheshimiwa alijua. Alikuwa anaongea huku jicho moja liko kwenye makaa yangu, akiona yanawaka sana anaruka kurasa.

Msidhani lakini alikuwa malaika. Sukari ya chai aliipima kama dawa ya mtoto. Mke wake, ambaye alikuwa mwalimu, mama mpole mwenye maneno machache yenye ncha, alizoea kusema mbele ya wageni, "Huyu bwana bungeni anauliza maswali mpaka usiku. Nyumbani nikimuuliza moja tu, anasema anahitaji notisi." Alituhimiza kuwahi mikutano na yeye hakuwahi hata mmoja. Alituhubiria kilimo bora na migomba yake ilikuwa inatia huruma, ukipita shambani kwake unavua kofia.

Na alikuwa anaogopa ng'ombe! Mtu wa huku, mlima una ng'ombe kuliko mawe, yeye akiona pembe anatafuta mti. Jimbo lake lilizunguka mpaka upande wa wafugaji, magharibi ya mlima, na kule wakamgundua upesi. Wakitaka jibu la uhakika wanaswaga ng'ombe wanazunguka Landrova. Mheshimiwa yuko ndani, vioo vimepandishwa, mzee mmoja anamuuliza kwa dirishani, "Sasa, lile josho letu vipi?" Wanasema kule ndiko alikotimiza ahadi nyingi kuliko mahali pengine popote. Mimi sikuwepo, lakini josho lipo, nimeliona kwa macho yangu.

Sasa njooni kwenye boksi la sabuni.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa. Maduka yaliyokuwa na rafu na buibui tu, ghafla yana sabuni za rangi saba. Mitumba imejaa, mpaka mchungaji wa mbuzi kavaa koti la rubani. Redio zikaongezeka, vyama vikaongezeka, na kila kitu mtu akifanya anasema ruksa. Lakini kahawa ilikuwa bado. Kahawa yetu tuliuza chama cha ushirika tu, na ukikamatwa unaipeleka kwingine una kesi. Wakati huohuo, wanunuzi wa mjini walikuwa wameshaanza kupita migombani wakisema kwa sauti ya chini, sisi tunatoa bei nzuri na tunatoa leo.

Mama Anaeli alikuwa na magunia manne. Kahawa ya mwaka mzima hiyo, ameichuma na mikono yake, ameiosha, ameianika kwenye chekecheke la waya, akiona wingu anakimbia nayo ndani kama mtoto. Na Anaeli wake alikuwa amefaulu kwenda sekondari. Magunia yale ndiyo yalikuwa sare, godoro, sanduku na nauli. Kwa hiyo tulijua Mheshimiwa yuko Dodoma na sheria ya kahawa iko mezani, na Mama Anaeli kila siku ananiuliza, "Shemeji, anarudi lini huyo?" Kama vile mimi ndiye ninayeendesha Dodoma.

Akarudi Jumamosi. Sokoni palijaa, nakwambia, hata wagonjwa wanaotembea walikuja. Nikaweka ndizi sita. Akapanda kwenye kreti. "Nianze na nililoshindwa," na akaanza.

Kumbe mchinjaji kanitega. Tangu asubuhi alikuwa ananichokoza, "Wewe Spika gani? Mheshimiwa anaongea mpaka nyama yangu inaota mvi. Huna ubavu wa kumkata, unamwogopa." Mimi nikamwambia, "Mimi? Namwogopa? Leo nitamkata katikati ya sentensi, uone." Basi kichwa kikavimba. Nikachukua kile kipande cha boksi la sabuni, nikapepea. Nilipepea jamani! Cheche zikaruka mpaka kwenye ndevu za watu. Ndizi zikawa nyeusi nje kama viatu vya polisi.

Mheshimiwa wakati huo anasema, "... na kwa hiyo ndugu zangu, bunge limepitisha. Mnunuzi binafsi ataruhusiwa kununua kahawa kwa mkulima. Lakini ..."

"Mheshimiwa, zimeiva!"

Akafunga mdomo. Niliona ile lakini imekaa kwenye shavu lake. Akanitazama. Akatazama ndizi. Akashuka.

Watu hawakutaka hata maswali siku hiyo, walishaanza vigelegele. Mchinjaji akanipigia saluti na kisu. Na mimi badala ya kunyamaza, nikachukua habari ile nikaitembeza soko zima, na mnanijua, habari ikipita kwangu haitoki na uzito wake ule ule. Kwa wauza viazi nilisema kahawa ruksa. Kufika kwa wauza kuku nikasema kahawa ruksa kuuza hata kwa watalii huko kwenye geti la hifadhi. Nilipofika kwa washona viatu, sheria ilikuwa inasema ukikataa kuuza kwa mtu binafsi unashtakiwa.

Siku ya nne yake Mama Anaeli akapakia magunia kwenye pikapu, kuna mnunuzi huko Kijenge. Hakufika Kijenge. Wakamsimamisha kwenye kizuizi cha barabarani, wakamuuliza kibali, akasema, "Kibali cha nini? Bunge limepitisha." Wakamwambia, "Limepitisha, mama, lakini haijaanza. Mpaka kanuni zitoke na mnunuzi awe na leseni. Huyo wako hana." Pikapu ikageuzwa, magunia yakaenda kufungiwa kwenye ghala moja huko upande wa Elerai, yeye akarudi kwa miguu sehemu kubwa ya njia.

Alikuja moja kwa moja kwangu. Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alikaa kwenye kigoda changu, akasema polepole, "Shemeji, wewe ulisema ruksa."

"Nilisema, shemeji."

"Na yeye alisema ruksa."

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema: hapana, yeye alisema lakini, mimi ndiye niliyeipepea. Badala yake nikasema, "Twende kwake."

Tulimkuta anasukumwa, alikuwa anaondoka. Landrova iko katikati ya mteremko, vijana wanahema. Mama Anaeli akamweleza pale pale dirishani, maneno matano hivi. Mheshimiwa akasema, "Vijana, sukumeni upande wa pili." Wakasukuma kupanda mlima! Hiyo siongezi chumvi, waulizeni, kuna mmoja mgongo haujanyooka mpaka leo.

Kule ghalani mkuu wa ghala alikuwa kijana wa miwani, msafi, mtaratibu. Akasema, "Mheshimiwa, sheria hii mmeipitisha wenyewe."

"Tumepitisha, kweli," Mheshimiwa akasema. "Na mimi nikawaambia wenye kahawa nusu yake. Huyu mama hakuvunja sheria, alifuata mdomo wangu. Kamata mdomo wangu, achia magunia."

"Mdomo haukamatiki, Mheshimiwa."

"Basi nikae na magunia mpaka ukamatike."

Akaenda akakaa juu yake. Lile koti la kahawia, ile mifuko miwili, miguu mirefu imefika mpaka mlangoni watu wanairuka. Alikaa siku mbili. Mke wake alimletea chai, na tukasikia akimwambia, "Angalau hapa watu wanajua ulipo." Siku ya pili jioni yule kijana akachoka, akaleta karatasi. Mheshimiwa akaandika kwa mkono wake kwamba kosa ni lake, alitoa taarifa pungufu kwa wananchi, akaweka sahihi. Magunia yakaachiwa, kwa sharti yarudi chama cha ushirika kama zamani. Yakarudi. Anaeli akaenda shule na sanduku la bati la bluu, nililibeba mimi mwenyewe kichwani mpaka stendi, zito utadhani kabeba na walimu.

Kwa hiyo kahawa ilipona. Aliyeumia ni yeye. Mkutano uliofuata alipanda kreti, akasema, "Nianze na nililoshindwa. Nilishindwa kumaliza sentensi." Hakusema kwa nini. Mimi niko pale na ndizi zangu, makaa yananiunguza uso, nasubiri aninyooshee kidole. Hakunyoosha. Kijana mmoja wa chama kipya akapaza sauti kutoka nyuma, "Mbunge Nusu!" Watu wakacheka, na wewe unajua jina likichekewa limeshabatizwa. Likapanda mpaka juu migombani, likazunguka mlima likafika kwa wafugaji, na uchaguzi ulipokuja lilikuwa limeandikwa kwa makaa kwenye kila ukuta. Makaa, fikiria! Kura zikapigwa, akaanguka.

Jumamosi baada ya matokeo nikasikia mngurumo. Landrova. Akashuka, akapanda kwenye kreti, mifuko yote miwili imelala. Watu wakashangaa, huyu si ameshatoka? Akasema, "Nianze na nililoshindwa. Uchaguzi." Soko zima likaangua kicheko, mpaka yule kijana wa nyuma. Kisha akatushukuru kwa kumsukuma miaka yote, akatuambia mbunge mpya naye tumwekee ndizi, tusimwonee haya. Siku ile nilivuta makaa yote pembeni, hata moja halikubaki chini ya ndizi. Akaongea mpaka alipochoka mwenyewe. Nikajidanganya kwamba hapo nimelipa.

Sikuwa nimelipa. Kokwa likabaki tumboni.

Miaka ikapita. Wabunge wapya walikuja wakaenda. Mmoja alikataa ndizi, akasema ana simu ya mkononi, tukitaka habari tumpigie. Hakuna aliyekuwa na simu. Kahawa ikaja ikawa ruksa kweli, wanunuzi wakajaa kama nzige, wengine wazuri wengine wa kukimbia na kahawa yako. Na mimi nywele zikaanza kuwa na rangi ya jivu langu mwenyewe.

Juzijuzi, mvua za kwanza zikiwa zimekatika, nikapanda kwenda kwake. Ile njia ya miguu ya kule juu imesimama wima, ukipanda magoti yanakugonga kidevu. Nilibeba ndizi sita na makaa kwenye debe. Nikamkuta amekaa nje kwenye benchi, koti lile lile la kahawia, fimbo mkononi. Mrefu bado, ila sasa amejikunja kidogo, mlima umepata nafasi ya kupumua.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba, Mheshimiwa Spika. Karibu. Umekuja na bunge zima?" Anaangalia debe.

Mwalimu, mke wake, akaleta chai. Sukari ile ile. Nikanywa, nikaongea habari za mvua, za bei, za paka. Mwisho Mheshimiwa akasema, "Spika, wewe leo umeanza na uliyofanikisha."

Basi nikafungua. Nikamwambia boksi, mchinjaji, cheche, yote, mpaka jasho likanitoka. "Ile lakini yako niliikata mimi. Zilikuwa hazijaiva."

Akacheka mpaka fimbo ikaanguka. "Wewe! Si nilikula ya kwanza mimi? Ilikuwa mbichi ndani, ililia mdomoni kama karoti. Meno yangu yalikumbuka wiki nzima."

"Kumbe ulijua! Mbona hukusema? Wakakuita Nusu, ukaanguka!"

Akaokota fimbo yake. "Ningesemaje? Nipande kreti niseme Spika wenu kanionea? Siku hiyohiyo mngeogopa kuweka ndizi. Kila mbunge angeongea mpaka ng'ombe waje." Ng'ombe alipowataja akatazama huku na huku kidogo. "Na kosa ni langu pia. Neno la maana mtu halitunzi mpaka ndizi ya mwisho. Ile lakini ningeanza nayo."

Nikaona mwili umekuwa mwepesi, nikataka kusimama nicheze. Akanizuia na fimbo.

"Mwenye kahawa umemwambia?"

"Mama Anaeli? Bado."

"Basi taarifa yako ni nusu. Beba debe lako."

Akasimama, mzee yule, tukashuka naye, yeye kwa fimbo, mimi kwa woga. Tulimkuta Mama Anaeli uani anachambua maharage, kazeeka lakini sauti ni ile ile. "Mheshimiwa baba! Shemeji! Nani kafa?"

"Hajafa mtu," Mheshimiwa akasema. "Shemeji yako ana taarifa. Leo yeye anaongea, mimi ndiye Spika."

Akakaa kwenye kigoda, akamwaga makaa yangu, akapanga ndizi sita, kazipanga vizuri, zote sita hazigusani. Mimi nikasimama mbele ya yule mama, mikono sijui niiweke wapi. Nikasema, "Shemeji, nianze na nililoshindwa."

Mheshimiwa akaanza kuyavuta makaa pembeni kwa fimbo, taratibu, ananipa muda. Mama Anaeli akaona. Akachukua kijiti, akayarudisha yote chini ya ndizi.

"Hapana baba, huyu namjua. Ukimpa muda ataongeza. Afupishe."

Nikafupisha. Nilisema boksi, nilisema mchinjaji, nilisema lakini, nilisema nisamehe. Sikuongeza hata cheche moja. Mama Anaeli, maharage mkononi, akanirushia moja la uso, likanigonga hapa juu ya jicho. Akaingia ndani.

Akatoka na chumvi.

Mheshimiwa akainama, akasikiliza moto, akasema, "Zimeiva." Nikanyamaza. Tukavunja ya kwanza vipande vitatu, na ilikuwa imeiva mpaka ndani.